Kufundisha Kanieneo kwa Tairi la Baiskeli

Mwalimu asianze na kanuni. Aanze na baiskeli ya mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Mwanafunzi yule yule akiwa ameketi juu yake, tairi la mbele lililoloweshwa lipimwe alama yake sakafuni, kwanza likiwa limejaa upepo, kisha likiwa limepungukiwa. Wanafunzi waeleze kwa nini alama imepanuka na usukani umekuwa mzito. Ndipo wageukie gari: tairi moja la mbele likipungukiwa upepo, gari huvutwa upande huo, na tairi hupata joto, hata laweza kupasuka. Likijazwa kupita kiasi, sehemu inayoshika barabara hupungua. Somo limefaulu iwapo mtoto atatazama magurudumu kabla ya kupanda gari la Nyegezi.