Kwa nini simu ya duka inapanda ndege?

Mama, mimi ni rubani wa ndege ndogo, nina miaka 38, tunaishi Arusha. Naruka peke yangu, nawapeleka watalii Manyara, Seronera na Kogatende. Mwaka 2020 corona ilipoingia watalii walikatika, tukakaa miezi bila kuruka na mshahara ukakatwa nusu. Ndipo nilipoanza kuuza nguo na viatu vya watoto mtandaoni. Sasa biashara imekua kuliko nilivyotarajia. Mke wangu yuko nyumbani tu, kwa hiyo hunisaidia kupokea mzigo kutoka Dar, kupiga picha, kufunga na kupeleka stendi. Simu ya biashara natembea nayo mwenyewe. Najibu wateja asubuhi kabla ya kuruka, kwenye viwanja vya porini abiria wakiwa wanapanda, na usiku mpaka saa sita. Nimechoka, na wateja wanalalamika nachelewa kujibu. Niache urubani nijikite kwenye biashara, au niiue biashara? Mama yangu aliuza shamba ili nikasomee urubani Afrika Kusini. Nikiacha, sijui nitamwambia nini.
Rubani, Arusha

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa kurasa nne na nimeikata bila huruma, kwa sababu ndani yake kuna sentensi moja iliyonikalisha kitako: simu ya biashara unatembea nayo mwenyewe. Umeiandika kwa kupita, kati ya habari za mkeo na habari za uchovu, kisha ukaendelea. Mimi nimebaki hapohapo.

Hebu tufuate oda moja. Nguo ziko nyumbani kwako. Mifuko iko huko, daftari liko huko, na anayejua kama kiatu cha namba 26 kimebaki kimoja au kimekwisha yuko huko. Mteja wa Mwanza anauliza, "Mna cha mtoto wa miaka minne?" Swali lake linakwenda mpaka Kogatende, kule karibu na Mto Mara, mtandao ukishika. Wewe hujui, kwa hiyo unamwandikia mkeo. Mkeo anamweka mtoto chini, anakwenda kwenye rafu, anatazama, anakujibu. Ndipo nawe unapomjibu mteja, kama hujaitwa na abiria. Mkeo ana jibu, mteja anataka jibu, na katikati amesimama mtu aliyevaa sare ambaye hana jibu. Wateja wako wana haki ya kulalamika, na dawa ya malalamiko yao haihitaji wewe uache kazi.

Kwa hiyo tuliweke pembeni swali la kuacha hiki au kuua kile. Swali lako la kweli ni kwa nini humpi mkeo simu.

Kabla hatujafika kwake, nikuseme kwanza kwa lililonitia hofu. Unajibu wateja kwenye viwanja vya porini abiria wakiwa wanapanda. Mwanangu, unaruka peke yako! Hakuna rubani wa pili wa kukuambia umesahau kitu. Dakika hizo chache ndizo za kuhakikisha kwamba mgeni aliyeambiwa begi moja laini la kilo 15 hajaongeza la pili lililojaa kamera. Ndizo za kuizunguka ndege ukitazama matairi na propela iliyopigwa na changarawe, ukigusa kwa mkono vifuniko vya mafuta na mlango wa sanduku la mizigo chini ya tumbo la ndege, na kutazama kama nyumbu hawajaingia kwenye njia ya kurukia. Ukitoka hapo unarudi juu ya milima ya Ngorongoro, na mawingu ya pale unayajua kuliko mimi. Kichwa kinachobeba hayo yote kikiongezewa na mteja wa Dodoma anayesema mzigo haujafika na atakutangaza tapeli, kuna kimoja kitadondoka.

Usiniambie kwamba simu unaizima ukiwasha injini. Naamini unaizima. Ugomvi na mteja hauzimiki pamoja na simu.

Unalijua tukio la tarehe 21 Oktoba 2009, maana hata sisi tusio marubani tulilisikia. Ndege ya Northwest, safari namba 188, Airbus A320 yenye abiria 144, ilitoka San Diego kwenda Minneapolis. Marubani walikuwa wawili, wote wazoefu. Waliupita uwanja waliotakiwa kutua, wakaenda zaidi ya kilomita 150 mbele, na kwa zaidi ya saa nzima hawakujibu redio. Waliowazindua ni wahudumu wa ndani waliopiga kuuliza wanatua saa ngapi. Wachunguzi walipowahoji, walieleza kwamba walikuwa wamefungua kompyuta zao za mkononi wakijadili utaratibu mpya wa kampuni wa kupanga zamu. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo mamlaka ya anga ya Marekani iliwafutia leseni wote wawili, na mwaka 2014 ikatoka kanuni huko ya kuwakataza marubani wa mashirika ya ndege kutumia simu na kompyuta kwa mambo yao binafsi wakiwa kazini kwenye chumba cha marubani. Wale walikuwa wawili, na jambo lililowateka halikuwa hata la pesa zao. Wewe uko peke yako, na lako linadai ada ya shule ya watoto wako.

Na usiku je? Unajibu mpaka saa sita, kisha alfajiri uko kiwanjani. Muda wa kupumzika ambao kanuni za anga zinamlazimisha mwajiri akupe haukuwekwa ili ufunge oda. Usingizi ule ni wa abiria wako. Wamekulipia ulale.

Sasa mkeo. Umesema yuko nyumbani tu, halafu kalamu hiyohiyo ikaandika anayoyafanya. Anapokea mzigo ukitoka Kariakoo. Anafungua marobota, anapanga kwa saizi, anapiga picha mchana mwanga ukiwa mzuri, anafunga, anaandika majina na namba, anapanda bodaboda mpaka stendi, anabishana na karani wa basi kuhusu bei ya kifurushi, anamtumia mteja picha ya risiti. Mengine hukuyaandika, lakini nimewaona wanawake wengi wakiifanya kazi hii, nayo huenda hivyo. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Kilichobaki ni kusema nguo ipo au haipo, na kuona pesa ikiingia, na hicho ndicho ulichojiwekea wewe.

Wazo lilikuwa lako na mtaji ulitoka kwenye mshahara wako. Sikunyang'anyi hilo. Lakini nina imani moja ambayo wasomaji wa safu hii wanaijua, na wengine wamenichukia kwayo: mwenye mikono kwenye kazi awe na mikono kwenye pesa yake. Nikianza na faida tu, anayefunga mzigo ndiye anayejua gauni gani linagombaniwa na lipi limelala rafuni tangu Krismasi. Asipoziona pesa na ujumbe wa wateja, ujuzi huo unamfia kichwani, na wewe unaendelea kuagiza kwa kukisia ukiwa porini. Nina shaka pia kwamba mkeo akitaka nauli ya bodaboda ya kupeleka mzigo stendi, anakuomba wewe. Kama nimekosea, niandikie unisahihishe, nami nitafurahi. Kama sijakosea, fikiri inakuwaje mtu mzima afunge mizigo ya kutwa nzima, kisha jioni aombe hela ya sukari kwa mtu aliyepokea malipo ya mizigo hiyo.

Usidhani haya ni maneno ya akina mama wa siku hizi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikwisha kusema kwamba hata kazi za nyumbani, za kupika na kulea, ni mchango wa mke katika kuchuma mali ya ndoa. Kama jiko linahesabiwa, sembuse chumba chenye marobota ya nguo? Ila sitaki mkeo aje kuhesabiwa mahakamani, siku mmeshaachana au siku hupo. Ahesabiwe sasa, mkiwa mnapendana.

Siku hupo, nimesema, na watu hawapendi kulitaja hilo mbele ya rubani. Nalitaja kwa sababu linaweza kumpata hata mwuza duka. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina lako na alama za vidole vyako. Namba ya kupokelea malipo, nadhani, ni hiyohiyo. Nenosiri la ukurasa liko kichwani mwako. Ukilazwa wiki tatu tu, Mungu aepushe, mwanamke aliyefunga kila mzigo tangu 2020 atabaki na chumba kilichojaa viatu vya watoto na hana mteja hata mmoja anayeweza kumpigia. Barua za wajane zinazonifikia hapa huniumiza kwa jambo moja hasa. Wengi wao walifanya kazi, tena sana. Kilichokosekana ni karatasi yenye jina lao, na mashemeji walipokuja walikuta kila kitu ni cha marehemu.

Najua kinachokushikisha simu, na hapo siwezi kukukaripia. Mwaka ule wa corona ulikaa nyumbani ukaona sare imetundikwa na mshahara umekatwa kwa sababu ambayo haikuwa kosa lako. Anga ya Tanzania ilifunguliwa tena mwezi Mei, lakini watalii hawakurudi kwa kufunguliwa tu. Mtu akishaonja hayo, hataki tena kutegemea mkono wa mwingine. Halafu kuna afya. Ukifika miaka 40, kwa viwango vya kimataifa, rubani anayebeba abiria peke yake hupimwa kila baada ya miezi sita badala ya mara moja kwa mwaka. Kila ukiingia kwa daktari unajua presha, sukari au jicho moja vinaweza kukushusha chini siku hiyohiyo. Kutafuta kitu cha pili cha kushikilia ni akili, na nakusifu kwamba ulianza mapema.

Tatizo ni kwamba ukikishika peke yako, kinabaki na udhaifu uleule wa mshahara wako, yaani kinakutegemea wewe uwe mzima, macho, na mwenye muda. Kikiwa mikononi mwa mkeo, siku daktari akikukataza kuruka utarudi kwenye nyumba yenye kipato ambacho hakijatikisika. Bima uliyokuwa ukiitafuta tangu corona unayo tayari, inalala kitanda kimoja na wewe.

Ya kawaida niyamalize haraka. Likizo bila malipo usiombe kati ya Julai na Oktoba, utagombana na mwajiri bure. Soma mkataba wako uone unasemaje kuhusu kazi ya pembeni, na kama unataka ruhusa, iombe kwa maandishi. Msichana wa kujibu wateja anaweza kuajiriwa baadaye, naye aajiriwe na mkeo. Jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA na leseni ya halmashauri, kama bado, mwende nyote wawili na karatasi zitoke na majina mawili.

Siku utakayokuwa huna zamu, mkabidhi simu, na nenosiri alibadilishe yeye kwa mkono wake. Nendeni kwa wakala mfungue lipa namba ya biashara, itenganishwe na laini yako. Kubalianeni mshahara wake wa kila mwezi, utoke kabla hamjagusa faida. Wewe baki na kwenda Dar kuchagua mzigo ukipata mapumziko marefu, na kupitia hesabu pamoja naye mara moja kwa wiki, mchana, ukiwa umeshalala. Kazi nyingine zote usiziguse.

Atakosea mwanzoni. Atauza kwa bei ya zamani, atatuma mzigo wa Tabora kwenda Tanga. Ukiona, kaa kimya mpaka akuulize. Mwalimu wako Afrika Kusini alikaa pembeni yako mikono mapajani huku ukiigonganisha ndege na ardhi, akakuacha ujirekebishe, na leo wageni wanalala usingizi nyuma yako.

Mama yako mzazi usimwingize katika hili, maana hujaacha kazi. Ila naona umekuwa ukiruka na shamba lake mabegani miaka yote hii. Deni la shamba hulipwa kwa shamba. Biashara ikituliza hesabu zake, mnunulieni hata robo eka, mumpe hati mkononi, na kuanzia hapo ruka kwa sababu unapenda kuruka.

Kuhusu kuacha urubani, usiamue lolote mpaka masika yajayo, safari zitakapopungua na kichwa chako kimepumzika. Ukifika hapo bado unataka kuacha, niandikie tena. Safari hiyo nataka ndani ya bahasha kuwe na karatasi ya pili aliyoiandika mkeo, nawe uifunge bila kuisoma.