Benki ya Sampuli za Kongosho: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuweka Sahihi

Mkazi wa Mukuru kwa Njenga anapopimwa damu kliniki, sampuli hutumika kwa kipimo hicho, majibu hutolewa na mabaki hutupwa. Benki ya sampuli ni tofauti. Huhifadhi damu, mkojo au kipande cha nyama ya mwili kwa miaka mingi, pamoja na historia ya afya ya mwenyewe, kwa ajili ya utafiti.

Kwa nini kongosho?

Kongosho hutoa insulini, inayodhibiti sukari mwilini, na vimeng'enya vinavyosaga chakula. Likiharibika, mtu anaweza kupata kisukari, uvimbe wa kongosho au saratani. Saratani hiyo hujificha: maumivu ya tumbo na mgongo, kupungua uzito na macho kugeuka manjano mara nyingi huonekana ugonjwa umeshaenea. Anayeona dalili hizi asikawie kufika hospitalini.

Wagonjwa wengi hugunduliwa wakati upasuaji hauwezekani tena, kwa hiyo hospitali moja hupata sampuli chache mno. Dawa yake ni kuunganisha nguvu. Uingereza ilianzisha benki ya taifa ya sampuli za saratani ya kongosho mwaka 2016. Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kina benki ya sampuli za utafiti wa jeni za Waafrika. Hili ni muhimu, kwani utafiti mwingi wa jeni duniani umefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Benki hujengwaje?

1. Haraka. Vimeng'enya vya kongosho huanza kuharibu kipande kilichokatwa, hivyo ni lazima kigandishwe upesi.

2. Baridi. Sampuli nyingi huwekwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Wakazi wanajua stima hupotea bila taarifa. Benki isiyo na jenereta inaweza kupoteza kazi ya miaka kwa siku moja.

3. Kumbukumbu. Sampuli isiyo na habari za mwenyewe hupungukiwa thamani. Ubomoaji wa mwaka 2021 Mukuru kwa Njenga ulihamisha maelfu ya watu. Mchangiaji akihama, watafiti hawajui kama alipona au ugonjwa ulirudi. Benki inayotaka sampuli kutoka mitaa kama hii ni lazima ipange mapema namna ya kuwafuatilia watu wake.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kuweka sahihi, mgonjwa au jamaa yake aulize:

- Sampuli itatumika kwa utafiti gani, na itakaa muda gani?
- Je, itapelekwa nje ya Kenya?
- Nani ataona jina langu?
- Wakigundua jambo kuhusu afya yangu, nitaambiwa?
- Nikibadili nia, nimwone nani?

Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, habari za afya ni data nyeti, na aliyekubali anaweza kuondoa idhini yake wakati wowote, ingawa yaliyokwisha kufanywa hayafutiki. Kuchangia ni hiari, na anayekataa hapaswi kunyimwa matibabu.

Fomu isipoeleweka, mgonjwa aombe asomewe kwa Kiswahili, na asiweke sahihi mpaka aelewe.