Kabla ya Kununua Vidonge vya Usingizi

Usingizi si muda unaopotea. Mtu anapolala, ubongo hupanga na kuhifadhi aliyojifunza mchana, shinikizo la damu hushuka, na kinga ya mwili hujiimarisha. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Anayezikosa mara kwa mara hujiweka katika hatari ya kupata shinikizo la juu la damu, kisukari na ajali za barabarani au kazini.

Wapo wanaokimbilia dukani kutafuta vidonge. Kabla ya kufanya hivyo, mtumiaji azingatie yafuatayo:

1. Diazepamu ni dawa ya cheti cha daktari. Ikitumiwa mfululizo kwa wiki kadhaa, mwili huizoea na kipimo kilekile hakitoshi tena. Kuiacha ghafla baada ya hapo kunaweza kuleta wasiwasi mkali, hata degedege. Huachwa taratibu, kwa usimamizi wa daktari.

2. Dawa ya mafua au mzio si dawa ya usingizi. Baadhi huleta usingizi, lakini uchovu wake huweza kubaki hadi asubuhi, wakati dereva ameshika usukani.

3. Usichanganye vidonge vya usingizi na pombe. Vyote hudhoofisha upumuaji, na kwa pamoja vinaweza kuua.

4. Usipokee vidonge vilivyofungwa katika karatasi tupu. Dai jina la dawa, kipimo, tarehe ya mwisho wa matumizi na risiti.

Mara nyingi chanzo ni mazoea. Takriban saa 5 baada ya kunywa kahawa, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini; kikombe cha saa 12 jioni huendelea kufanya kazi saa 5 usiku. Kafeini imo pia katika chai ya majani na vinywaji vya kuongeza nguvu. Lala na uamke kwa saa zilezile, na uweke simu mbali na kitanda.

Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, fika kituo cha afya. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini asitumie vidonge hivyo kabla ya kuchunguzwa, kwani vinaweza kuzidisha tatizo hilo. Kidonge humlaza mgonjwa. Daktari ndiye atakayetafuta kinachomnyima usingizi.