Visikizio vya Bei Rakhisi, na Namna ya Kuvichagua kwa Asiye na Amplifaya

Tumeulizwa na ndugu zetu kadha wa kadha, na baadhi yao wametuuliza zaidi ya mara moja, juu ya visikizio vya masikioni, vile ambavyo vijana wetu huviita hedifoni na iyafoni: ni vipi vimfaavyo mtu mwenye simu yake tu, asiye na amplifaya ya kuiongezea sauti nguvu, na asiyetaka kutupa fedha zake? Tulikuwa tukilipuuza suali hili kwa kudhani kuwa ni jambo la wauza maduka. Walakini lilipotufika sisi wenyewe, katika nyumba ya mwenzetu mmoja wa darasa hili, tuliona kuwa lina ilimu ndani yake, na kwamba kutoijua ilimu hiyo huwatia watu khasarani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenzetu huyo ana baba mtu mzima, ambaye miguu haimchukui tena, na starehe yake iliyobaki ni kusikiliza darasa zilizorikodiwa katika simu. Kwa kuwa mzee hulala chumba kimoja na wajukuu zake, mwana alitaka kumnunulia visikizio ili asikilize usiku bila ya kuwaamsha watoto. Akaingia mjini, akanunua vya mitumba, vikubwa, vyenye mito laini ya masikio, vya aina itumiwayo katika studio, kwa fedha alizoziweka kwa miezi miwili. Muuzaji alimwambia kuwa havipatikani vizuri kuliko hivyo, na wala hakusema uwongo. Usiku ule mzee akavivaa, simu ikafunguliwa sauti hadi mwisho, akatega sikio kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mbona shekhe huyu leo anong'ona?"

Asubuhi mwana alirudi dukani na hasira zake. Muuzaji hakumjibu neno. Alivichukua visikizio, akavichomeka katika mashine kubwa iliyokuwa mezani pake, na sauti ikatoka safi, yenye nguvu, hata waliokuwa mlangoni wakaisikia. Basi mnunuzi alisema kweli, na muuzaji alisema kweli, na fedha zilikuwa zimekwisha kwenda.

Sababu yake ni nini? Ndani ya kila kisikizio cha kawaida mna koili ya waya mwembamba iliyogandishwa juu ya utando, na mbele ya koili pana sumaku. Umeme utokao katika simu hupita katika koili, koili ikavutwa na kusukumwa na sumaku, utando ukatikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Waya ule huuzuia umeme kwa kiasi fulani, na kizuizi hicho huitwa ukinzani, nacho hupimwa kwa omu, ambayo alama yake katika sanduku ni Ω, mfano wa kiatu cha farasi. Ukinzani ukiwa mkubwa, yatakikana volti nyingi ili kuusukuma umeme upite; na simu, ambayo yaishi kwa betri ndogo, haina volti za kutoa sadaka.

Na tufanye hisabu, kwani hisabu hii ndiyo roho ya somo letu. Tuseme simu yatoa nusu volti, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa tundu la simu. Nguvu ipatikanayo ni volti zizidishwe kwa zenyewe, kisha zigawanywe kwa omu. Visikizio vya 32 omu vitapata kama miliwati 8. Visikizio vya 250 omu, kama vile alivyonunua mwenzetu, vitapata miliwati 1 tu. Simu ni ile ile, kidole ni kile kile juu ya kitufe cha sauti, na nguvu imepungua mara nane.

Mtu aweza kuuliza: basi kwa nini mafundi wakaviunda hivyo? Jawabu ni kuwa havikuundwa kwa ajili ya simu. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilipotoa visikizio vyake vya HD 414 katika mwaka 1968, ukinzani wake ulikuwa 2,000 omu, na hapana aliyelalamika, kwa sababu vilichomekwa katika mashine kubwa za nyumbani na za studio zenye volti tele. Na waya mwembamba wa ukinzani mkubwa huifanya koili iwe nyepesi. Mambo yaligeuka mwaka 1979, Sony walipotoa Walkman, redio ya kaseti ya kutembea nayo iliyotumia betri mbili ndogo. Tangu hapo palihitajika visikizio vyenye kuridhika na chembe ya umeme. Vya Koss viitwavyo Porta Pro, vilivyotoka mwaka 1984, ni watoto wa zama hizo: 60 omu, vyepesi, vyakunjwa na kutiwa mfukoni, na hata leo vingali vyaundwa.

Hapa wengi huishia, wakasema, "Tumefahamu, tutanunua vya omu chache." La, hiyo ni nusu ya khabari, na nusu hii yaweza kumdhuru mtu kuliko kutojua kabisa. Iko namba ya pili, nayo ni wepesi wa kisikizio kuitika: akipewa miliwati moja, atatoa sauti ya desibeli ngapi? Sandukuni huandikwa dB, na pembeni yake mW. Hizo Porta Pro tulizozitaja hutoa desibeli 101 kwa miliwati moja. Sasa tazama HE-6 za kampuni ya HIFIMAN: ukinzani wake ni 50 omu, chini ya Porta Pro, na mtu asomaye namba moja tu atadhani kuwa simu itaviweza. Walakini kwa miliwati moja hutoa desibeli 83.5 peke yake. Na kwa kuwa kila desibeli 10 zahitaji nguvu mara kumi, tafauti hii ina maana kuwa HE-6 zataka nguvu zaidi ya mara 50 ili zifikie sauti ile ile. Ni visikizio vya watu wenye mashine kubwa majumbani. Hatuvitaji kwa kuvitia ila.

Wala namba hii ya pili haikosi mtego. Viwanda vingine huandika desibeli kwa miliwati, na vingine huandika desibeli kwa volti, na hizi mbili si kipimo kimoja. AKG K702 zimeandikiwa desibeli 105, namba ya kutamanisha, lakini ni kwa volti moja. Na kwa kuwa ukinzani wake ni 62 omu, ukigeuza kwa miliwati zabaki kama 93. Kwa hivyo mtu asilinganishe masanduku mawili mpaka ameangalia herufi iliyofuata baada ya dB, ni mW au ni V.

Kwa mwenye simu tu, sisi twaona kuwa yatosha kutafuta ukinzani wa baina ya omu 16 na 60 na kitu, pamoja na desibeli 98 au zaidi kwa miliwati, au 110 na zaidi kwa volti. Vyenye namba hizi ni vingi, na katika hivyo vimo vya bei ya chini sana. KSC75 za Koss, ambazo huning'inia sikioni bila ya utepe wa kichwani, zina 60 omu na desibeli 101, nazo kwa muda mrefu zimeuzwa Marekani kwa kiasi cha dola 20. Na huenda jina moja likabeba namba mbali mbali: DT 770 Pro za Beyerdynamic hupatikana za 32, za 80 na za 250 omu, na kwa macho zafanana kama maji na maji. Anunuaye mitumba asitosheke na jina; na aitafute namba ilipoandikwa.

Yaliyobaki katika maandishi ya sandukuni, aghlabu ni mapambo. Kuandikwa kuwa utando una milimita 40 au 50 hakumwambii mtu lolote juu ya uzuri wa sauti. Na ile "20 hadi 20,000" huandikwa karibu juu ya kila sanduku, la shilingi mia na la shilingi elfu ishirini, na karatasi haikatai wino.

Ama visikizio visivyo na waya, hivyo vina amplifaya ndogo ndani yake, na suali la omu halimhusu mwenye kuvinunua. Shida yake ni nyingine: betri huchakaa, na katika vile vidogo vya bei ya chini aghlabu haibadiliki, ikifa ndiyo mwisho. Na simu nyingi za siku hizi hazina tena tundu la duara. Apple waliliondoa katika iPhone 7 mwaka 2016, na wengine wakafuata. Mwenye simu kama hiyo atahitaji kiungo cha waya cha kuchomeka katika tundu la chaji. Ajue kuwa viko viungo vyenye kijimashine cha sauti ndani yake, na viko vilivyo waya mtupu, na simu nyingi hazitoi sauti yoyote kwa hivi vya pili. Na aende dukani na simu yake mwenyewe, kwani simu ya muuzaji haitokwenda naye nyumbani.

Akiwa pale dukani na aweke rikodi ya mtu asemaye, ambayo aijua vizuri. Ngoma na mziki mzito huficha ila nyingi, maneno hayafichi. Wenye kusikiliza visomo wana mizani nzuri kupita watu wote: wasikilize sini na swadi, na shini, na ha na kha. Ikiwa sini yachoma sikio kama sindano, au herufi hizi zachanganyikana mpaka mtu ahitaji kukisia, basi avirudishe, hata viwe na bei nzuri namna gani. Kisha auzungushe waya pole pole karibu na plagi. Sauti ikikatika upande mmoja, waya u karibu kufa. Na vile vya kutiwa ndani ya sikio, kabla ya kuvilaumu kuwa havina sauti nzito, na abadilishe vipira vyake, kwani kipira kisichoziba sikio huipoteza sauti nzito yote, na aghlabu sandukuni hutiwa vya saizi tatu.

Kuziba sikio huko kuna jambo kubwa zaidi ya sauti nzito, na hapa twaomba tusikizwe vizuri, khasa na wazazi. Porta Pro na KSC75 ni za wazi: sauti ya nje yaingia. Ndani ya nyumba iliyotulia hilo si ila. Lakini kijana aliyezivaa ndani ya matatu, au akingojea feri ya Likoni baina ya honi na injini, hupandisha sauti ya simu ili ishinde makelele, na sikio lake lachukua yote mawili. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa muda wa saa 40 katika wiki, na kwa watoto ni desibeli 75. Ikifika desibeli 90, zile saa 40 zageuka saa 4 tu kwa wiki nzima. Na chembe za nywele zilizo ndani ya sikio la mwanadamu zikifa hazioti tena. Hapana dawa wala upasuaji wa kuzirejesha. Kwa hivyo visikizio vyepesi kuitika tunavyovisifu leo ni vyepesi pia kumdhuru mtu. Simu ya nusu volti yaweza kuzifikisha Porta Pro kwenye desibeli 107. Anayesafiri kila siku na anunue vya kuziba sikio, asikilize kwa sauti ya chini, lakini avivue avukapo barabara. Na mtoto anayesikia mlio masikioni baada ya kuvivua, huyo amekwisha kupewa onyo.

Kwa mwenzetu yule tulitafuta vya ndani ya sikio, vya 32 omu, na bei yake haikufika sehemu ya kumi ya vile vya kwanza. Mzee hakuvipenda kwa sura, alisema ni kama shanga. Lakini alipovivaa sauti ya simu ilibidi iteremshwe mpaka nusu, na watoto wakalala. Vile vikubwa havikutupwa. Vilinunuliwa na ndugu yetu arikodiye darasa, kwani mashine yake ya kuchanganyia sauti ina tundu lenye nguvu ya kutosha, naye asema kuwa hajapata kusikia kikohozi cha watu wa safu ya nyuma kwa uwazi kama huo. Mzee naye sasa ana lalamiko jipya, kuwa shekhe asema upesi mno, na kwa hilo visikizio havina dawa.