Mtoto Mzima Aliyezama Kwenye Pombe: Namna ya Kumshawishi Akubali Matibabu

Mzazi mwenzangu, kama mwanao ana miaka 28, bado analala kwako, na pombe imemshinda, huwezi kumkamata mkono ukampeleka hospitali kama mtoto wa chekechea. Ni mtu mzima. Lakini usikubali kuambiwa kwamba limebaki la dua na kungoja mpaka aharibikiwe kabisa. Mimi ni mama wa Kibuli, Kampala, mwanangu alikubali kutibiwa, na nililojifunza ni hili: mlevi ana saa yake ya kukubali, na saa hiyo ni fupi. Kazi yetu ni kuiandaa, na ikifika itukute tayari.

Ujue ugonjwa wenyewe

Hapa kwetu aibu ni nzito. Adhana ya msikiti wa Kibuli inafika kila nyumba, na mwendo mfupi wa bodaboda unakufikisha Kabalagala, ambako baa hazilali. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019, lakini waragi, pombe kali ya hapa kwetu, bado ipo dukani kwenye chupa ndogo za plastiki. Familia nyingi za Kiislamu humficha mgonjwa ndani zikidhani amepungukiwa imani tu. Imani ina nafasi yake, na mwili nao una madai yake. Kwa mwanangu niliyaona asubuhi. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado chai ilimwagika kwenye kisahani. Akishapata waragi kidogo, mikono ilitulia.

Ukiona mtetemeko huo, usimwamuru aache ghafla akiwa nyumbani. Anayekunywa sana kila siku akikatiza mara moja, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Baadaye anaweza kuweweseka, kuona visivyopo, na hata kufa. Hospitalini hupewa dawa kama diazepamu za kumtuliza, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Nilipolielewa hilo niliacha kumwambia "acha pombe". Nikawa namwambia "twende wakusaidie kuacha".

Tafuta mahali kabla ya kutafuta maneno

Nilikwenda Butabika mwenyewe, bila yeye. Ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ipo tangu mwaka 1955, na ina kitengo cha watu wenye uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kampala nzima hulitumia jina la Butabika kumtukana mtu, kwa hiyo ilibidi niione kwa macho yangu ili nimweleze mwanangu kwa uhakika. Vipo pia vituo vya binafsi, kama Serenity Centre upande wa barabara ya Entebbe.

Popote uendako, uliza haya: wagonjwa wapya wanapokelewa siku gani na saa ngapi? Aje na nini? Gharama ni kiasi gani, na inalipwaje? Familia inaruhusiwa kumwona lini? Andika majibu, weka nauli kando, na mfuko wa nguo uwe umefungwa.

Chagua saa, chagua mtu

Usizungumze naye akiwa amelewa, wala usiku ule aliokuudhi. Ngoja asubuhi akili imemrudia. Usiite ukoo mzima umzunguke, maana atasikia hukumu hata mkija na huruma. Mimi nilimwita mjomba wake peke yake, kwa sababu ndiye anayemheshimu tangu utotoni.

Sema ulichokiona, kisha useme unachotaka. Nilimwambia: "Mwanangu, jana ulianguka mlangoni ukapasuka kichwa. Naogopa nitakuzika. Kuna madaktari nimeshaongea nao. Ukiwa tayari, mimi na mjomba wako tunakusindikiza." Akajibu, "Mama, mimi si kichaa." Nikamwambia, "Sikusema una kichaa. Nimesema unaumwa." Tukaishia hapo, tukanywa chai. Siku ya kwanza usitake ushindi. Mbegu imepandwa.

Acha kumkinga, usiache kumpenda

Alikuwa fundi kwenye gereji moja ya Katwe, na asubuhi nyingine alitaka nimpigie simu bosi wake niseme ana malaria. Nilikataa kwa upole. Nilimwambia wazi: chakula utakipata, kitanda utakipata, nauli ya hospitali utaipata saa yoyote. Pesa mkononi hapana, deni la baa hapana, uongo kwa bosi hapana. Siku aliyorudi bila kunywa, nilikaa naye, nikampikia matoke na nyama, nikamwambia nimefurahi. Mlevi husikia lawama kila siku, sifa haisikii.

Njia hii ina ushahidi. Mwaka 1999, huko New Mexico, Marekani, William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan walichapisha utafiti kuhusu familia 130 zenye mnywaji aliyekataa matibabu. Familia zilizofundishwa kutuza siku zisizo na pombe, kutozuia madhara ya ulevi, na kuwa na matibabu tayari zilifanikiwa kumwingiza mnywaji kwenye matibabu kwa asilimia 64. Zilizoandaliwa kumkabili mgonjwa kwa kikao cha pamoja zilipata asilimia 30.

Akisema "sawa", nendeni

Kwa mwanangu ilikuwa alfajiri, baada ya kuona bosi amempa mtu mwingine kazi yake. Alikuja jikoni akasema, "Mama, nimechoka." Sikumkumbusha lolote. Nilimpigia mjomba wake simu, na kabla ya jua kuwa kali tulikuwa njiani. Ukisema "tusubiri Jumatatu", jioni ile ile pombe itakuwa imeshamchukua.

Waeleze wahudumu ukweli wote: anakunywa kiasi gani, mara ya mwisho alikunywa lini, na kama amewahi kupata degedege. Ndiyo yanayowaongoza kwenye dawa.

Akitoka, safari haijaisha. Anaweza kuteleza. Akiteleza, mrudishe kwa wale wale waliomtibu, bila kelele, kama ambavyo mgonjwa wa kisukari hurudishwa kliniki sukari ikipanda. Mtafutie kundi la wanaoacha pombe, mfano Alcoholics Anonymous, ambao wapo Kampala. Nawe usibebe peke yako. Mwambie dada yako, rafiki yako, au sheikh unayemwamini kutunza siri. Mzazi aliyechoka hawezi kungoja saa ya mtu mwingine.

Ukisoma haya na mwanao yuko baa sasa hivi, usimfuate huko. Kesho asubuhi nenda kwenye kituo kilicho karibu nawe, uulize yale maswali, na majibu uyaweke unapoyafikia haraka. Atakaposema amechoka, uwe na pa kumpeleka.