Hela: sarafu iliyokufa, jina likabaki

SWALI: Huku Mbagala, Temeke, tunalipwa kwa shilingi, lakini kila mtu anasema "hela". Neno hilo limetoka wapi?

JIBU: Hela ni jina la sarafu ya Wajerumani, *Heller*. Asili yake ni mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ambako sarafu ndogo za fedha zilitengenezwa tangu Zama za Kati na kuitwa kwa jina la mji huo.

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, fedha rasmi ilikuwa rupia, na rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliacha hesabu hiyo. Rupia moja ikawa sawa na hela 100. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sarafu zilipokosekana, sarafu za hela 20 zilitengenezwa Tabora mwaka 1916.

Maneno pesa na rupia yalitoka India kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi: pesa kutoka *paisa*, na rupia kutoka neno la Kisanskriti linalohusu fedha, yaani madini. Shilingi ililetwa na Waingereza mwaka 1921. Shilingi ya Tanzania yenyewe ilianza kutolewa na Benki Kuu mwaka 1966.

Hivyo hela na pesa, zilizokuwa sarafu ndogo kabisa, leo ni majina ya fedha yoyote, iwe noti, sarafu au salio la simu.