Muhuri, Kitambulisho na Kizuizi: Somo la Mwaka 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994 hayakuanza kwa panga. Yalitanguliwa na kazi ya ofisini. Tangu miaka ya 1930, chini ya utawala wa Ubelgiji, kabila la mtu liliandikwa katika kitambulisho chake. Miaka sitini baadaye, karatasi hiyo ilipokaguliwa vizuizini, ilitosha kumpeleka mwenyewe kuuawa. Maiti nyingi zilichukuliwa na mto Kagera hadi Ziwa Viktoria, zikazikwa Kasensero, Lambu na Ggolo, ufukoni mwa ziwa lile lile linalopakana na Jinja.

Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wasomi pia. Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji. Gérard Ntakirutimana alikuwa daktari wa hospitali ya Mugonero. Athanase Seromba alikuwa padri wa Nyange, ambako kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu waliokimbilia humo. Shahada, koti jeupe na kanzu havikuwazuia.

Hata hivyo, Jean-Baptiste Habyalimana, mkuu wa mkoa wa Butare, alikataa kutumika. Mauaji makubwa hayakuenea mkoani mwake mpaka serikali ilipomwondoa katikati ya Aprili. Baadaye naye aliuawa. Siku zile chache zaonyesha kwamba ofisi moja ikikataa, mashine nzima hukwama.

Sisi tulio Mbale, katika eneo la viwanda lenye wafanyakazi wa makabila mengi, tunajifunza nini? Ibara ya 212 ya Katiba ya mwaka 1995 yaipa Polisi jukumu la kulinda uhai na mali. Mwaka 2010 Uganda ilitunga sheria ya kutekeleza Mkataba wa Roma, ambao katika ibara ya 33 wasema kwamba amri ya kutenda mauaji ya kimbari ni haramu waziwazi. Askari hawezi kujitetea kwa kusema, “Niliamriwa.”

Basi, uwe askari, karani, muuguzi, mtangazaji au mwenyekiti wa mtaa, ukitakiwa kuorodhesha majirani kwa kabila ili wafukuzwe au wadhuriwe, usiandike hata jina moja. Toa taarifa mapema. Maovu makubwa huhitaji mikono mingi, wako usiwemo.